Hesabu za Tasnifu Zinapogoma: Dalili, Chanzo na Dawa

Mwalimu anayesoma shahada ya uzamili huku akifundisha Amu, Faza au Mpeketoni, katika kaunti ya Lamu, hufikwa na jambo lile lile linalowafika wenzake wa kwingine. Hojaji zimejazwa, alama zimeingizwa kwenye kompyuta, SPSS, programu ya takwimu, imetoa majedwali, na majibu hayaingii akilini. Kipimo ambacho hakifai kuwa hasi kimekuwa hasi. Tofauti inayoonekana kwa macho haionekani kwenye hesabu. Au kila kitu kimetoka na nyota ya umuhimu, hata mambo ambayo mwalimu mwenyewe, kwa miaka aliyokaa darasani, anajua hayana uzito.

Hapo wengi huanza kubadilisha fomula moja baada ya nyingine mpaka ipatikane inayotoa jibu la kupendeza. Nawasihi walimu wenzangu tuiache njia hiyo. Fomula zinazotumika sana katika utafiti wa elimu zina asili moja kwa kiasi kikubwa, na zinapogombana, chanzo karibu kila mara kimo katika namna data ilivyokusanywa na kupangwa. Namba za mifano iliyo hapa chini ni za kufundishia tu, nazo nimezifanya ndogo ili uzihesabu kwa kalamu. Tafadhali zihesabu.

Dalili: fomula mbili za sampuli, majibu mawili

Tuseme shule unazozilenga zina wanafunzi 400 wa Kidato cha Tatu. Fomula ya Yamane inakupa 400 ÷ (1 + 400 × 0.0025), yaani 200 (0.0025 ni kosa la 0.05 lililopigwa mraba). Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 linakupa 196. Msimamizi mmoja anataka hili, mwenzake anataka lile, na mwanafunzi yuko katikati.

Zote mbili zimejengwa juu ya mambo yale yale: uhakika wa asilimia 95, kosa la asilimia 5, na jamii iliyogawanyika nusu kwa nusu juu ya jambo unaloliuliza. Yamane ameikadiria 1.96 kuwa 2, wale wawili hawakuikadiria. Hao watu wanne wametokana na desimali. Chagua moja, iandike, endelea na kazi.

Jambo zito ni jingine. Fomula hizi ziliundwa kwa kukadiria asilimia katika jamii moja, kwa watu waliochaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Hazikukusudiwa kulinganisha mbinu mbili za kufundisha, wala hazijui kwamba utachukua darasa zima kwa sababu boti inarudi alasiri. Tena ukiwa na walimu 62 tu wa hisabati, Yamane atakuambia uchukue 54. Ya nini kuwaacha wanane? Wahoji wote, uandike kwamba umefanya sensa, na ukurasa mzima wa hesabu ya sampuli uondoke kwenye tasnifu.

Dalili: wanafunzi wote wamepanda, hesabu inasema hakuna tofauti

Hii ni ya kawaida kwa anayejaribu mbinu mpya ya kufundisha na kuwapima wanafunzi kabla na baada. Chukua wanafunzi wanane. Kabla ya mafunzo walipata 12, 18, 25, 31, 22, 28, 15 na 35. Baada ya mafunzo, kwa mpangilio ule ule, wakapata 15, 20, 29, 33, 26, 30, 18 na 39. Hakuna hata mmoja aliyeshuka. Wastani umetoka 23.25 hadi 26.25.

Mtafiti anaweka alama za kwanza safu moja, za pili safu nyingine, anaendesha jaribio la t, linalolinganisha wastani, la makundi mawili huru. Jibu: t ni takriban 0.74, na kwa digrii huru 14 (alama 16 toa makundi 2) ilipaswa ifike 2.145 ili tofauti ihesabike. Anaandika kwamba mbinu haikusaidia kitu.

Chanzo ni kwamba makundi hayo si mawili. Ni wanafunzi wale wale. Jaribio la makundi huru linaipima ile tofauti ya alama 3 kwa kuilinganisha na umbali uliopo kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, na umbali huo ni mkubwa: mmoja ana 12, mwingine 35. Sasa fanya hesabu ya jozi. Toa alama ya kwanza ya kila mtoto kwenye alama yake ya pili: 3, 2, 4, 2, 4, 2, 3, 4. Wastani wa tofauti ni 3. Mkengeuko sanifu wa tofauti hizo, yaani kipimo cha kutawanyika kwake, ni 0.926. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 8 upate 0.327. Kisha 3 ÷ 0.327 ni takriban 9.17, na kwa digrii huru 7 kiwango cha kuvukwa ni 2.365 tu. Data ni ile ile, swali ni lile lile. Kilichobadilika ni kuheshimu ukweli kwamba alama mbili ni za mtoto mmoja.

Dawa hii ina sharti lake, na sharti hilo hutimizwa siku ya kwanza ya kazi ya nyanjani. Ukigawa mtihani wa kwanza bila majina wala namba, hutaweza kuoanisha alama za mwanzo na za mwisho, na hakuna programu itakayokuokoa. Mpe kila mwanafunzi namba yake, orodha ya majina ibaki kwa mwalimu wa darasa, na namba hiyo iandikwe kwenye karatasi zote mbili.

Wala t ya 9.17 haithibitishi kwamba mbinu yako ndiyo iliyowapandisha. Muhula umepita, wamefundishwa na walimu wengine pia, mtihani wameshauzoea. Bila darasa la kulinganisha lililopimwa siku zile zile, unachoweza kusema ni kwamba wamepanda. Sababu bado haijajulikana.

Dalili: alfa ya Cronbach imetoka hasi, au ni ndogo mno

Alfa hupima kama kauli za hojaji zinakwenda pamoja, na msimamizi anataka 0.7 na kuendelea. Wewe una −0.33. Usifute hojaji, na usifute kauli moja moja mpaka alfa ipande. Kwanza tazama fomula yenyewe, aliyoieleza Lee Cronbach mwaka 1951: idadi ya kauli, k, igawanywe kwa k toa moja, kisha zidisha kwa moja toa jumla ya varianzi za kauli uliyoigawanya kwa varianzi ya alama ya jumla. Varianzi ni ule mkengeuko sanifu uliopigwa mraba.

Tuseme una kauli 4 na varianzi zake zikijumlishwa ni 4.0. Alama za jumla za wahojiwa zina varianzi ya 3.2. Hesabu: 4/3 × (1 − 4.0/3.2) = −0.33. Alfa imekuwa hasi kwa sababu jumla inayumba kidogo kuliko sehemu zake zikijumlishwa. Hilo hutokea pale kauli zinapovutana: mtu akipanda kwenye moja anashuka kwenye nyingine.

Sasa zisome kauli zako. "Napenda somo la hisabati." "Kipindi cha hisabati hunichosha." Mwanafunzi anayependa hisabati atajibu 5 kwa ya kwanza na 1 kwa ya pili, na kompyuta itaona mgongano pale ambapo mtoto amesema jambo moja mara mbili. Kauli zote za upande wa kukana zinatakiwa zigeuzwe kabla ya kujumlishwa: kwa kipimo cha 1 hadi 5, toa jibu kutoka 6. Ukishageuza, varianzi ya kila kauli inabaki pale pale, ile 4.0 haitikisiki. Kinachobadilika ni varianzi ya jumla. Ikipanda hadi 10, alfa ni 4/3 × (1 − 0.4) = 0.8. Hakuna kauli iliyofutwa.

Ukigeuza na alfa ikabaki chini, angalia mambo mawili. La kwanza, huenda umejumlisha hojaji nzima, sehemu ya motisha, sehemu ya vifaa na sehemu ya msaada wa wazazi, ukatafuta alfa moja. Kila sehemu inapima jambo lake, kwa hiyo kila sehemu ipate alfa yake. La pili ni lugha. Kauli yenye kukana mara mbili, kama "Sidhani kwamba hisabati si somo muhimu", humchanganya hata mtu mzima, na mtoto wa Kizingitini anayezungumza Kibajuni nyumbani na kusoma hojaji ya Kiswahili sanifu ana mzigo wa ziada. Watoto watano au sita wakusomee kauli kwa sauti na kukueleza walivyoielewa, kabla hujachapisha nakala mia tatu. Katika hatua zote za utafiti wa hojaji, hii ndiyo ninayoiona yenye faida kubwa kwa gharama ndogo.

Kwa mtihani wa kupata au kukosa, fomula inayotajwa ni KR-20 ya Kuder na Richardson, ya mwaka 1937. Ni alfa ile ile kwa majibu ya 0 na 1, kwa hiyo usisumbuke kuzilinganisha. Na alfa ya 0.97 usiifurahie haraka. Mara nyingi maana yake umeuliza swali moja kwa maneno tofauti.

Dalili: kila kitu kina maana kitakwimu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hili ndilo kosa linalopita mikononi mwa wasimamizi wengi bila kushikwa, na linaumiza hasa utafiti wa visiwani.

Mazingira tunayajua. Shule za Lamu zimetawanyika: Amu na Shela kisiwa kimoja, Faza, Siyu na Kizingitini kisiwa cha Pate, Hindi, Mpeketoni na Witu bara. Kusi likivuma, safari ya Kiunga haipangwi kwa saa. Nauli ya boti inakula bajeti ya mwanafunzi. Kwa hiyo mtafiti anaona bora achukue shule chache na ajaze idadi kwa kuwahoji wanafunzi wengi kila afikapo. Madarasa 10, wanafunzi 40 kila darasa: sampuli 400. Anaendesha majaribio yake, na kila thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu, iko chini ya 0.05.

Majaribio ya t, anova (ya kulinganisha wastani wa makundi kadhaa), kai-mraba (ya kulinganisha idadi) na uhusiano wa Pearson, kama yanavyofundishwa kwenye vitabu vya mwanzo, yote yanadai kitu kimoja: kila mtu aliyepimwa awe huru na mwenzake. Wanafunzi 40 wa darasa moja hawako hivyo. Wana mwalimu mmoja, vitabu vile vile, upungufu ule ule wa madawati, mtaa mmoja. Ukionja chungu kimoja mara arobaini, hujaonja vyungu arobaini.

Kiasi cha kufanana kinapimika. Endesha anova ya njia moja, darasa likiwa ndilo kundi, uchukue wastani wa mraba kati ya madarasa na wastani wa mraba ndani ya madarasa. Tuseme wa kwanza ni 440 na wa pili ni 40. Toa: 400. Kisha gawanya kwa 440 + 39 × 40, yaani 2000. Unapata 0.2. Huo ndio uhusiano wa ndani ya kundi, na kwa alama za ufaulu 0.2 si namba ya kushangaza hata kidogo. Tafiti nyingi hupata hiyo au zaidi.

Sasa hesabu gharama yake. Leslie Kish, ambaye kazi yake kuhusu sampuli ilitoka mwaka 1965, alituachia njia fupi: 1 + (ukubwa wa darasa − 1) × uhusiano huo. Hapa ni 1 + 39 × 0.2 = 8.8. Gawanya 400 kwa 8.8. Sampuli yako, kwa nguvu ya ushahidi, ni kama watu 45.

Linganisha na mpango mwingine: madarasa 20, wanafunzi 15 kila darasa, jumla 300. Hapo kigawanyo ni 1 + 14 × 0.2 = 3.8, na 300 ÷ 3.8 ni 79 hivi. Wanafunzi wamepungua mia moja, ushahidi umekaribia kuongezeka mara mbili. Kwa hiyo, mwalimu, pesa ya kuchapisha hojaji za ziada ipeleke kwenye nauli ya kufika shule nyingine. Huu ndio ushauri ninaoutetea kwa nguvu kuliko mwingine wote ulio hapa.

Kama data imeshakusanywa, njia ziko. Iliyo rahisi ni kuchukua wastani wa kila darasa na kufanya jaribio la t kwa wastani hizo. Una namba 10 tu, lakini ni namba za kweli. Iliyo bora ni modeli ya ngazi mbili, mwanafunzi ndani ya darasa, na programu ya R, isiyolipiwa, inaifanya, kama inavyofanya SPSS.

Kuna hali isiyo na dawa ya hesabu: shule moja imefundishwa kwa mbinu mpya, shule ya pili kwa mbinu ya zamani. Hata kila shule ikiwa na wanafunzi 100, umelinganisha kitu kimoja na kitu kimoja. Tofauti inaweza kuwa ya mbinu, ya mwalimu mkuu, ya umbali wa nyumbani, ya chochote. Kulinganisha kwa kuzingatia alama za mwanzo kunasaidia kiasi, ila hakuondoi tatizo. Kama bado hujaanza, omba ruhusa ya kuwagawa wanafunzi kwa kura ndani ya kila shule. Kama umeshamaliza, eleza ulichokiona kwa uaminifu na usidai zaidi.

Dalili: kai-mraba imebadilika baada ya kutumia asilimia

Wavulana 12 kati ya 20 na wasichana 8 kati ya 20 wamesema wanapenda fizikia. Kwa idadi halisi, kai-mraba ni 1.6, chini ya 3.841 inayotakiwa kwa digrii huru 1. Mtu akiingiza 60 na 40 kwa sababu asilimia zinapendeza macho, anapata 8.0 na kutangaza tofauti ya kijinsia. Ameiambia kompyuta kwamba alihoji watu 200. Ingiza idadi daima, asilimia ziache kwa ajili ya jedwali la kusomwa.

Ukiona onyo kwamba visanduku vina idadi tarajiwa iliyo chini ya 5, unganisha makundi yanayounganika kwa maana, au kwa jedwali la mbili kwa mbili tumia jaribio kamili la Fisher.

Dalili: msimamizi amekataa wastani wa 3.42

Ana haki nusu. Jibu la kauli moja, "Nakubali" au "Nakubali kabisa", ni daraja, na hakuna aliyethibitisha kwamba hatua kutoka 3 hadi 4 ni sawa na ya kutoka 4 hadi 5. Ni hivyo hivyo kwa viwango vya CBC, mtaala wa umilisi wa Kenya: kati ya "kukaribia matarajio" na "kufikia matarajio" hakuna rula. Kwa kauli moja toa mgawanyo wa majibu na jibu la katikati, na ukilinganisha makundi mawili tumia jaribio la Mann-Whitney, linalotumia mpangilio wa majibu badala ya wastani, na kwa matatu au zaidi Kruskal-Wallis.

Lakini Rensis Likert, alipoeleza kipimo chake mwaka 1932, alizijumlisha kauli nyingi kuwa alama moja. Jumla ya kauli nane au kumi zenye alfa nzuri inaweza kufanyiwa wastani na jaribio la t bila hofu kubwa. Mpelekee msimamizi jumla hiyo. Ukitilia shaka, endesha t na Mann-Whitney zote mbili. Zikikubaliana, taja hivyo kwa sentensi moja.

Madogo yanayosumbua

Programu ikiandika p = .000, haina maana ya sifuri. Andika p < 0.001.

Shule nne zikilinganishwa mbili mbili kwa majaribio ya t, ni majaribio sita, na uwezekano wa kupata angalau "tofauti" moja ya uongo ungefika kama asilimia 26 lau majaribio hayo yangekuwa huru. Anza na anova, kisha jaribio la Tukey, linalolinganisha mbili mbili huku likizuia kosa hilo. Varianzi za makundi zisipolingana, soma mstari wa Welch, usiodai zilingane.

Idadi ya watu ikibadilika kutoka jedwali hadi jedwali, kuna majibu yaliyokosekana, na programu inawaondoa watu kimya kimya. Hesabu ni akina nani. Mtoto aliyekosa shule siku ya mtihani huenda alikosa kwa sababu ile ile unayoichunguza, na kumwondoa ni kulipamba jibu.

Uhusiano ukiwa 0.8 kwa wastani wa shule na 0.2 kwa wanafunzi, hakuna kilichoharibika. Ni maswali mawili. Jibu lile uliloliuliza kwenye sura ya kwanza.

Dalili: p ni 0.11, na mwanafunzi anaona tasnifu imekufa

Haijafa. Uliza kwanza kama utafiti ulikuwa na uwezo wa kuiona tofauti hiyo. Jacob Cohen alipendekeza vipimo vya ukubwa wa athari (tofauti ya wastani ikigawanywa kwa mkengeuko sanifu): 0.2 ndogo, 0.5 ya wastani, 0.8 kubwa. Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua athari ya wastani kwa jaribio la t la pande mbili, unahitaji watu 64 kila kundi. Kwa athari kubwa 26 wanatosha. Kwa ndogo ni karibu 394. Hao wote wawe huru, na unakumbuka madarasa yanavyopunguza idadi. Mwenye wanafunzi 25 kila upande hakuweza kuiona athari ndogo hata ingekuwepo, kwa hiyo asiandike kwamba "mbinu haina athari".

Aandike tofauti yenyewe na mipaka yake. Kwa mfano: wanafunzi wa mbinu mpya walizidi kwa alama 4, mipaka ya asilimia 95 ikiwa −1 hadi 9. Sentensi hiyo inamweleza mwalimu mkuu na afisa wa elimu kwamba hasara, kama ipo, ni ndogo, na faida huenda ikawa kubwa. Weka pamoja nayo uhusiano wa ndani ya darasa uliouhesabu, hata kama hakuna aliyekuuliza. Mwalimu mwingine anayepanga utafiti wake Lamu ataitumia namba hiyo kujua afike shule ngapi kabla ya kulipa nauli ya kwanza.